Kisu Nilichokiita Silaha

Sifa zote nazielekeza kwa Mola aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, kisha akamtilia kinywani kipande kidogo cha nyama kisicho na mfupa, akamwachia akitumie apendavyo akijua kwamba siku moja atamwuliza. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanasoma, kwa magoti ambayo bado yanakunjika wakati wa sala, na kwa kunichelewesha duniani nikapata nafasi ya kuandika haya kwa mkono wangu. Mkono huu huu uliwahi kuandika mengine, na hayo ndiyo habari yenyewe.

Nilifika Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka kaskazini mashariki kufuata biashara ya mifugo. Mji ulikuwa barabara moja, mabucha machache, mnada wa ng'ombe, na ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hukuvua viatu kabla hujafika msikitini. Pundamilia walipita nyuma ya nyumba za mtaa wa Noonkopir asubuhi kama majirani wasio na la kusema. Watu waliamkuana kwa Kimaasai, wakapatana bei kwa Kiswahili cha kuungaunga, na walipogombana kila mtu alirudi kwa lugha ya mama yake.

Kiswahili changu kilikuwa tofauti. Nilijifunza utotoni kwa mwalimu wa dini aliyeletwa kwetu kutoka pwani, mtu mpole aliyetufundisha sala, hesabu za mirathi, na namna ya kuomba maji ya kunywa bila kumchosha anayeombwa. Katikati ya Kitengela lugha hiyo ilikuwa kama kanzu ya Idi kwenye machimbo ya mawe. Ilisifiwa na wote na haikumsaidia yeyote, mpaka siku msikiti wetu mdogo ulipohitaji choo.

Niliandika barua kwa chifu kuomba ruhusa ya kuchimba. Nilieleza habari za usafi, za wasafiri, za wazee wenye maradhi ya sukari, na za mahali pa faragha ambapo muumini angeweza kujisitiri. Chifu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyependa kukunja kofia yake ya kazi magotini akizungumza. Alisema ameisoma barua mara mbili ndipo akagundua tunataka choo. Kisha akasema mtu anayeweza kuandika habari za choo ukurasa mzima bila kutaja choo anafaa kufanya kazi na serikali. Wiki iliyofuata nikawa mwandishi wa kamati ya usalama ya lokesheni na wa baraza lake la wananchi. Nilimshukuru Mungu. Choo nacho tulichimba.

Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao katika kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Nakala moja ilibaki kwa chifu, nyingine ilikwenda kwa wakubwa wa wilaya, Kajiado. Kila baraza jipya lilianza kwa kusoma kumbukumbu za lililopita. Chifu angeuliza nani anathibitisha, mkono mmoja ungepanda. Angeuliza nani anaunga mkono, mkono wa pili ungepanda. Mara nyingi ilikuwa mikono ya watu waliotaka tu mkutano uende haraka, wakachunge. Baada ya hapo yaliyoandikwa yalikuwa yametokea, na yasiyoandikwa hayakutokea.

Nisimsingizie chifu. Hakuwa mtu katili. Alikwenda kanisani kila Jumapili na alipenda amani kwa moyo wote, kiasi kwamba alikuwa tayari kumpiga yeyote ili aipate. Ila alichukia maneno makali. Kwake hakuna mtu aliyekamatwa, alialikwa kituoni. Hakuna kibanda kilichobomolewa, nafasi ilifunguliwa. Kiwanja cha shule kilipozungushiwa ua usiku na mtu mkubwa, kilikuwa kimehifadhiwa kwa manufaa ya umma, na huo umma ulikuja Jumamosi na gari lake kukitazama. Mwaka wa ukame mahindi ya msaada yalipofika nusu, niliandika kwamba yamepokelewa kwa furaha. Hilo lilikuwa kweli. Sikuandika ni nani aliyeipokea nusu ya pili.

Mimi sikuona kuwa nadanganya. Nilifunzwa tangu mtoto kuuchunga ulimi, kutotangaza aibu ya mwenzangu, na kufunika pale Mungu alipofunika. Nilidhani naendeleza mafunzo hayo. Nilichosahau ni kwamba mwalimu wangu, aliposema tusitiri aibu, alikuwa akimzungumzia jirani aliyejikwaa. Hakuwa akimzungumzia mwenye rungu.

Mke wangu alijua kabla yangu. Miaka ile watu wetu wa kaskazini walikuwa wakichambuliwa nani ni Mkenya na nani si Mkenya, na alfajiri moja askari waliuvunja mlango wetu wakanichukua. Nililala kituoni siku mbili na kadi yangu ya kitambulisho mfukoni, kwa kuwa hakuna aliyeiomba. Niliporudi, nilikaa nikaandika kumbukumbu za kamati: kwamba wakazi wa asili ya kaskazini walikaribishwa kituoni kwa mazungumzo ya kirafiki. Nikamsomea mke wangu, maana nilijivunia sentensi ile. Yeye alikuwa ameshika misumari mdomoni, akiurudisha mlango mahali pake.

Aliitoa misumari, akasema, "Ulikaribishwa, Mzee. Mbona ulirudi bila viatu?"

Nilimwambia hajui lugha ya ofisi. Akaniambia anajua lugha ya mlango.

Sasa nifike kwa fundi.

Kando ya mnada alikaa fundi wa akala, Mkikuyu mwenye umri wa kuzidi arobaini hivi, aliyehamia Noonkopir na mkewe kutoka Mkoa wa Kati. Mkewe aliuza chai na mandazi hatua kumi kutoka kwake. Fundi alikata matairi makuukuu akayageuza viatu, na hakuwa na mpinzani. Akala zake zilitembea na wachungaji hadi Magadi, ambako jua huyeyusha viatu vya dukani, nazo zikarudi zikiwa na vumbi jeupe tu. Chombo chake kilikuwa kisu kimoja kifupi chenye mpini wa mpira, alichokinoa kwenye jiwe mpaka ubavu wake ukawa mwembamba kama kucha. Alikuwa mzee wa kanisa lake. Tulitaniana sana. Alikuwa akiniambia, "Sheikh, nyinyi mnavua viatu kuingia kwa Mungu, ndiyo sababu mnanunua moja kwa miaka kumi. Mnaniua."

Asubuhi moja, katika miaka ya mwisho ya tisini, nilikwenda kutengenezewa akala. Nilivua kiatu cha kulia nikasimama juu ya kipande cha tairi, naye akainama kuuchora unyayo wangu kwa chaki. Kisha nikausogeza mguu akaanza kukata. Hapo ndipo lilipofika gari la askari. Ilisemekana mtu mkubwa angepita siku hiyo kwenda Namanga, na isingefaa auone umaskini wetu kupitia dirishani. Askari walianza kupindua meza za kando ya barabara. Nyanya zilibingirika hadi lami.

Askari mmoja kijana alimwambia fundi ainuke. Fundi hakuinua hata kichwa. Alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mteja, "Ngoja kidogo kijana, nimalize kisigino cha huyu mzee."

Rungu lilimpata kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kisu kilianguka. Lilimpata tena, na mara ya tatu nilisikia sauti ambayo nimewahi kuisikia machinjioni tu. Askari akakikanyaga kisu, akakiokota, akamburuta fundi hadi garini. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila. Midomo yangu ilikuwa inasoma dua. Mungu anijalie iwe imepokelewa, kwa sababu haikutoka na sauti.

Jioni hiyo chifu aliniita tuandike. Niliandika kama nilivyozoea, kwamba zoezi la kuboresha mandhari ya soko lilifanyika kwa ushirikiano mwema baina ya maafisa na wafanyabiashara. Chifu akasema fundi lazima atajwe, maana yuko ndani na Kajiado watauliza. Nikaandika kwamba mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na kisu alishauriwa atulie, akatulia.

Chifu aliinamia bega langu akasoma. Neno alishauriwa lilimpendeza sana. Ila kisu kilimkera. Alisema, "Sheikh, kisu ni neno la jikoni. Hii karatasi inaenda Kajiado." Akapendekeza tuseme chombo chenye makali.

Na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu hapa sikusukumwa na mtu. Chombo chenye makali kiliniudhi. Maneno matatu ya nini, pale moja linapotosha? Nilimwambia chifu kwamba Kiswahili kina neno moja lenye heshima linalobeba yote, upanga, mkuki, kisu. Nikalifuta neno kisu, nikaandika silaha. Chifu akasema kweli mimi nimesoma. Nikaenda kuswali isha nikiwa nimefurahi.

Neno hilo lilifika Kajiado kabla ya mfupa wa fundi kufungwa bendeji. Huko walikuwa na mtu aliyevunjika mkono na hawakujua la kumfanya. Sasa walipata karatasi rasmi inayosema alikuwa na silaha. Akashtakiwa kwa kutaka kumshambulia afisa wa serikali kwa silaha kali, akapelekwa rumande kungoja kesi. Watu waliojua sheria walisema akipatikana na hatia atazeekea jela.

Baraza lililofuata lilifanyika kando ya ofisi ya chifu, kwenye kivuli cha tangi la maji. Mke wa fundi alikuja, akakaa nyuma kabisa na wanawake wa sokoni, akingoja nafasi ya kumwombea mumewe. Nilisoma kumbukumbu haraka. Kiswahili changu cha pwani kilipita juu ya vichwa vya watu kama ndege wa mbali. Chifu akauliza nani anathibitisha, mzee mmoja akainua fimbo. Akauliza nani anaunga mkono. Mke wa fundi aliona mikono ndiyo njia ya kuomba kusema, akainua wake juu kabisa. Chifu akamshukuru. Nami nikaandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba kumbukumbu zimeungwa mkono na mama huyo, nikamtaja kwa jina la mumewe.

Aliposimama kuzungumza, chifu alimwambia kwa upole kwamba mambo yaliyo mahakamani hayazungumzwi barazani.

Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa ametoka Kajiado kumwona mumewe, na polisi mmoja pale alikuwa amemwonyesha karatasi akamwambia asilie, mbona yeye mwenyewe aliiunga mkono. Mke wangu alimkalisha, akamletea maziwa ya ngamia ambayo hakuyagusa. Kisha mke wangu akakaa naye upande mmoja wa chumba, na mimi upande wa pili, nikajua kikao hiki hakina mwandishi.

"Sheikh," akaanza, "wewe ulikuwa pale. Mguu yako ilikuwa kwa tairi yake. Alikuwa na nini kwa mkono?"

Nikasema kisu.

"Ya nini?"

Ya kukata akala, nikasema.

"Sasa mbona umeandika silaha?"

Nilianza kumweleza. Mungu anisamehe, nilimweleza kwamba silaha ni neno pana, kwamba halina ubaya ndani yake, kwamba katika maandishi ya ofisi hutumika kwa namna ya jumla. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu kuliko mimi.

"Mimi kwangu niko na visu tatu," akasema, "na shoka ya kuni. Mimi ni jeshi?"

Mke wangu alitazama sakafu. Nilijua anazuia kicheko, na nilijua kwamba kicheko hicho kingeniua.

"Na hii ingine," mama akaendelea, "ati alishauriwa. Ule mkono wake umevimba kama mguu wa mtoto. Wamefunga na kitambaa ya shati. Ni ushauri ilivunja?"

Nimefundisha watu jinsi ya kujibu maswali ya kaburini, na mwuza mandazi alinishinda kwa maswali matano. Alipoondoka alisema jambo moja tu, bila hasira: kwamba hana wakili, hana ndugu aliye mkubwa, na kwamba katika Kitengela yote mtu aliyesimama karibu zaidi na kile kisu ni mimi.

Niliamka mapema kesho yake nikaenda kwa chifu, nikamwomba baraza lijalo tusahihishe maneno mawili. Akakunja kofia yake gotini. Alisema anasikitika sana, ila kumbukumbu zikishathibitishwa na kuungwa mkono ni kama mtoto aliyezaliwa, hazirudi tumboni. Baada ya siku chache nikaletewa samansi. Upande wa mashtaka ulinitaka Kajiado niende nithibitishe maandishi yangu.

Chifu aliniita mara ya mwisho kabla ya siku hiyo. Alinipa soda. Akasema niseme tu yaliyoandikwa, hakuna haja ya kuongeza. Kisha akaulizia mbuzi wangu, ambao nilikuwa na mpango wa kuwapeleka Nairobi, na barua yake ndiyo niliyoitegemea kupata kibali cha kuwasafirisha. Akasema atasikitika sana kibali changu kikichelewa. Mtu mwingine angesikia huruma katika maneno yale. Mimi ndimi niliyekuwa mshonaji wa kitambaa hicho, nilijua upande wa ndani ukoje. Niliishika soda mpaka ikapoteza ubaridi, nikashukuru, nikaondoka.

Nilisafiri Kajiado nimekaa mbele katika lori la ng'ombe, pamoja na mke wa fundi. Kupita Isinya upepo uliingia na vumbi. Mahakama ilikuwa jengo dogo la mabati juu ya ardhi kavu, na watu walikaa nje wakingoja kuitwa kama wagonjwa. Fundi aliletwa akiwa amekonda. Mkono wake wa kulia alikuwa ameubeba kwa wa kushoto, kama mtu aliyebebeshwa kitu cha mwingine. Aliniona. Aliinamisha kichwa kuniamkia, kama siku zote, na salamu hiyo ilinikata zaidi ya tusi.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Nilipewa msahafu uliofungwa kwa kitambaa safi. Nimeushika msahafu maelfu ya mara, kwa furaha na kwa msiba, lakini siku ile ulikuwa mzito. Niliapa kusema kweli. Nilipokuwa naapa nilihesabu moyoni miaka niliyokaa nikiandika kitabu cha chifu, na nikaona kwamba hakuna siku hata moja aliponiapisha.

Mwendesha mashtaka, inspekta wa polisi aliyevaa vizuri, alinisomea karatasi yangu kwa sauti. Nikasikia Kiswahili changu kikitoka kinywani mwake, kimenyooka, kinang'aa. Akaeleza mahakama kwamba aliyeandika ni mzee wa msikiti anayeheshimika, na kwamba hata mke wa mshtakiwa aliunga mkono. Kisha akaniuliza kama maandishi ni yangu.

Nikasema ni yangu.

"Na ni ya kweli?"

"Si ya kweli," nikasema.

Hakimu alivua miwani, akaniuliza yeye mwenyewe ni silaha gani niliyoiona.

"Kisu cha kukatia tairi, mheshimiwa. Alikuwa ananitengenezea akala. Mguu wangu ulikuwa hapo."

Akauliza kama fundi alikielekeza kwa askari. Nikasema alikuwa amekielekeza kwa kisigino changu, na hakuinua hata macho. Akauliza, basi, nini kilimpata mkononi.

Sasa ona jinsi mazoea yalivyo. Nilitaka kusema kweli, nilikuwa nimeapa, mke wa fundi alikuwa nyuma yangu, nikafungua kinywa nikasema, "Alishauriwa mara tatu."

Watu walicheka. Hata karani alicheka. Mimi sikulikusudia. Lilitoka lenyewe, kama mnyama aliyezoea njia ya kisimani.

Hakimu hakucheka. Alisema, "Mzee, hapa hatuko barazani. Sema."

"Alipigwa," nikasema. "Alipigwa rungu mara tatu hapa, kwenye kifundo. Ya tatu ilivunja mfupa. Niliusikia."

Akaniuliza kama chifu alinilazimisha kuandika vile. Ningeweza kusema ndiyo, na nusu ya Kitengela ingefurahi. Nikasema kwamba chifu alikataa neno kisu, lakini neno silaha nililichagua mimi, kwa kuwa lilinipendeza. Hakimu aliandika hilo polepole. Nilimtazama akiandika, na kwa mara ya kwanza nilijua inakuwaje kukaa upande ule wa kalamu.

Haikuisha siku hiyo. Mahakama zina saburi kuliko mimi. Tulirudi mara mbili, yule askari kijana akahojiwa akasema hakumbuki vizuri, na mwishowe hakimu akamwachilia fundi. Mkewe alipiga magoti palepale mlangoni akamshukuru Yesu. Mimi nilimshukuru Mola wangu hatua chache pembeni, na nadhani siku hiyo hatukugombania njia.

Ushindi wenyewe ulikuwa kiwete. Mfupa ulikuwa umeshaungana vibaya rumande, na kidole gumba cha fundi hakikuwahi tena kukaza mpini. Akaanza kukata kwa mkono wa kushoto, polepole, na viatu vyake vikawa na kisigino kimoja kirefu kuliko kingine. Wateja wa zamani walivinunua hivyo hivyo. Yule askari alihamishwa kwenda kituo kingine. Sikusikia kama aliadhibiwa. Mimi nilipata barua ya chifu. Ilisema nimepumzishwa kwa heshima katika kamati ili kutoa nafasi kwa damu changa. Niliisoma mara mbili kama fundi seremala anavyokagua kiti cha mwanafunzi wake. Ilikuwa kazi nzuri, hakuna mahali misumari ilipoonekana. Kibali cha mbuzi kilichelewa mpaka wengine wakazaa.

Mwaka wa elfu mbili na mbili ukaja, serikali ikabadilika, watu wakaimba barabarani. Chifu akastaafu. Waliokuja baada yake walileta maneno mapya, maana kila utawala huja na nguo zake, na vibanda vya barabarani vikaendelea kufungua nafasi. Nilikuwa nimefungua duka dogo, nikauza vitambaa, nikafundisha watoto, nikadhani nimelipa deni langu pale Kajiado.

Kisha Mungu akanijalia kwenda Hija. Kwetu, mtu akikaribia safari hiyo, hupita kwa jamaa na majirani kuomba radhi, kwa sababu Mola husamehe haki yake mwenyewe akipenda, lakini haki ya mja humwachia mja. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema yale tunayosema sote: kama kuna mahali nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe kwa ajili ya Mungu. Watu hujibu upesi, wanakusamehe, wanakupa salamu, kikombe cha chai. Nilisamehewa na watu thelathini kwa asubuhi mbili.

Nikafika kwa fundi na mkewe. Walikuwa wamejenga chumba cha mawe Noonkopir, na fundi alikuwa mlangoni akinoa kisu kwa mkono wa kushoto. Nikasema maneno yangu.

Fundi aliacha kunoa. "Kama?" akasema. "Mzee, wewe unajua ulinikosea ama hujui?"

Nilisema ninajua kwamba wakati ule kulitokea kuteleza.

"Nani aliteleza?" mkewe akauliza kutoka ndani.

Nikasimama pale. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, na nilikuwa nimeandaa maneno mazuri sana. Nikayatafuta nikaona yote ni ya kitabu cha jalada jeusi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwamkia mtu huyu kila siku, nikanunua viatu vyake, nikamwuliza hali ya mkono kana kwamba ni mvua iliyouharibu. Kule mahakamani nilimwambia hakimu. Yeye sikuwahi kumwambia.

Fundi hakunisaidia. Alingoja tu, kama nilivyomwona akingoja mteja aweke mguu sawa.

"Niliona wakikupiga nikanyamaza," nikasema. "Kisha nikaandika uongo juu yako, nikakuita mtu wa silaha. Ulikaa ndani kwa sababu ya neno langu, na mkono wako haukutibiwa kwa sababu ya neno langu. Hakuna aliyenilazimisha. Nisamehe."

Mkewe alikuwa amekuja mlangoni akiwa na sufuria mkononi.

"Hiyo ndiyo nilikuwa nangoja," fundi akasema. "Nimekusamehe, Sheikh. Enda salama, na ukifika huko uniombee huu mkono."

Nilikwenda, nikauombea. Nilipokuwa nauombea, katikati ya mamilioni ya watu wanaolia, sikutumia neno la kufunika. Nilisema, Ewe Mola, mkono wake umevunjwa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe macho ya kuona jambo lilivyo na kinywa cha kuliita lilivyo. Akuepushe na rungu, na akuepushe zaidi na kalamu inayolisitiri. Akupe jirani atakayesema kweli siku utakaponyamazishwa, na kama ni wewe uliyemkosea mtu, akupe umri wa kutosha kumfikia mlangoni na kumwambia. Amina.